Mtoto Aliyemeza Jina Tusilolijua

Mimi ndiye mtu pekee wa mtaa wetu hapa Malaba aliyesoma falsafa, na nalisema hilo bila kiburi, kwa kuwa mtaa wenyewe haujawahi kulalamika kwamba mmoja hatoshi. Nilisoma miaka miwili na nusu seminari. Hiyo nusu huwa naitaja upesi. Padri aliyekuwa akituongoza aliniambia kwa upole kwamba Mungu huita watu kwa sauti ndogo, na kwamba mimi, kwa jinsi ninavyoongea, huenda nisingemsikia hata angepiga tarumbeta. Nikafunga sanduku langu nikarudi nyumbani. Jina langu ni Ignatius Oriokot, lakini ukiliuliza stejini kwa boda boda hakuna atakayekuonyesha nilipo. Uliza Falsafa.

Nina saiba, yaani kibanda cha mabati chenye kompyuta mbili kando ya barabara, pale malori yanapopanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Najaza fomu za madereva, naandika barua za watu wenye kesi za mashamba, natafsiri kile kinachotafsirika. Vijana wa boda boda walioegesha nje hunisalimu kila asubuhi: "Falsafa, leo umefikiria nini?" Mtu mwenye akili timamu angecheka akapita. Mimi husimama nikajibu.

Fikra yangu kuu, niliyotoka nayo seminari kama wenzangu walivyotoka na daraja la upadri, ilikuwa hii: bila lugha hakuna mawazo. Mtu hufikiri kwa maneno. Mnyang'anye maneno, na umebakiza mwili unaokula na kupumua. Nimeisema matangani, nimeisema harusini, nimemwambia dereva mmoja wa lori aliyekuwa ananiomba tu nimpigie chapa. Wa kwanza kabisa kuisikia alikuwa mama yangu, Atyang, wiki ile niliyorudi nyumbani. Alikuwa akimenya mihogo. Nikamweleza kwamba mtu asiye na lugha hana tofauti na ng'ombe: anaona, lakini hajui kwamba anaona. Mama alisimamisha kisu. Akanitazama kidogo, akaweka sufuria chini, akatoka kwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado zinatiririka maji. Nilidhani hoja imemzidi kimo.

Miaka mitatu iliyopita ikaja kampuni moja kutoka Nairobi iliyotaka kufundisha kompyuta Kiteso. Walihitaji sauti za wazee, saa nyingi za mazungumzo, na mtu wa kuzikusanya. Nani mwingine? Nilipewa simu nzuri, kipaza sauti cha kubana kwenye nguo, na kitambulisho cha kuvaa shingoni ambacho nilikivaa hata kanisani. Nikawatangazia watu wa boda boda kwamba mashine ikishajua Kiteso itaanza kufikiri Kiteso, kwa sababu penye lugha pana mawazo. Mmoja wao akaniuliza kama hiyo mashine nayo tutaialika matangani.

Msemaji wangu wa kwanza alikuwa Mama. Watu wa kampuni walisema sauti yake ilikuwa safi kuliko zote walizopokea. Nilimrekodi saa arobaini na moja, ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya jikoni, akichambua wimbi. Alisimulia njaa, alisimulia ndoa, alisimulia ng'ombe walioibwa na mbuzi walioiba mboga. Na sasa nikiri jambo: sikuwa nasikiliza. Kazi yangu ilikuwa kutazama kile kimstari cha kijani kinachopanda na kushuka kwenye simu, na kuhakikisha jogoo haingilii. Mama akinyamaza, namwonyesha kidole: endelea. Siku moja alianza kusimulia jambo la utotoni mwake, kwao upande wa Uganda. Sauti ikashuka, akaanza kuonyesha kwa mikono. Kimstari kikalala. Nikamkatiza.

"Mama, mikono haisikiki. Sema kwa maneno."

Akacheka, akaniambia hadithi ya sungura.

Mwaka jana, mwezi wa nane, Mama alianguka shambani akipalilia. Kiharusi. Alipozinduka hospitalini mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa, na maneno yalikuwa yameondoka yote: Kiteso, Kiswahili, hata ya sala. Daktari, msichana mpole mwenye macho ya kuchoka, alituambia, "Anaelewa kila kitu. Yale maneno ya kutoka ndiyo yamefungiwa ndani." Nilimshukuru. Kisha nikamweleza kwa robo saa kwamba suala hilo si jepesi kama anavyodhani, mpaka Trizah, mke wangu, akanishika kiwiko akanitoa nje.

Lakini kejeli kando, niliogopa. Kwa miaka ishirini nilikuwa nimetembeza fikra moja mji mzima, nayo sasa ilikuwa imekuja kukaa nyumbani kwetu. Kama nilikuwa sahihi, basi Mama hakuwepo tena. Kila asubuhi nilimwamkia, naye akanitazama, nami nikajiuliza ni nani hasa ninayemwamkia. Nikaanza kumzungumzia mbele yake kama mtu aliyesafiri. Leo amekula. Leo hakulala vizuri.

"Wewe, unamwongelea kama sufuria," Trizah akaniambia. "Muulize mwenyewe kama amelala."

"Atajibu nini?"

"Uliza kwanza."

Trizah ni Msamia wa Rukala, kule kwenye mafuriko ya mto Nzoia, na kwa ajili yake nyumba yetu yote huongea Kiswahili, kila mtu na cha kwake. Nilimwoa nikiwa na miaka thelathini na saba, kwa kuwa ilinichukua muda mrefu kusadiki kwamba seminari haitaniita tena. Tukangoja mtoto miaka tisa. Mimba ilipoingia, Mama alikuwa bado anaongea, na aliongea mambo mengi juu yake. Mtoto alipozaliwa, mwezi wa tatu mwaka huu, msichana mwenye nywele nyingi na hasira nyingi, Mama alimpokea kwa ule mkono mmoja akamnusa shingoni, wala hakutoa sauti.

Kwetu Wateso mtoto hapewi jina. Huulizwa. Nyanya, mama wa baba, huchovya kidole katika ajon, pombe ya wimbi, akamtia mtoto mdomoni huku akiita majina ya waliotangulia, moja moja. Mtoto akigeuza uso, jina linapita. Akinyonya akameza, amelikubali, na yule marehemu amepata mtu wa kumrudisha mezani. Niliwahi kuandika insha ya kurasa kumi na mbili seminari nikithibitisha kwamba hii ni desturi ya kupendeza ila haina mantiki, kwa sababu mtoto mchanga hana lugha na kwa hiyo hawezi kuchagua kitu. Nilipata alama za juu sana. Insha ninayo mpaka leo, na panya wameanza kuisoma.

Basi Ejoku akaja. Ni mdogo wa marehemu baba yangu, na ndiye mkubwa wa nyumba sasa. Alikaa, akanywa chai, akasema lililomleta.

"Atyang hawezi kuita majina. Hiyo kazi inataka mdomo. Bibi yangu atakuja kushika hiyo kidole, Jumamosi, tumalize."

Mama alikuwa ameketi pale pale mlangoni, mtoto mapajani. Kila mmoja wetu alijua maana yake. Mwanamke mwingine, hata awe mke wa Ejoku, akichovya kidole ndani ya nyumba ya Atyang na Atyang yuko hai anatazama, basi tumemzika ameketi. Mama alimbana mtoto kifuani akamgeuzia Ejoku mgongo, kadiri mwili ulivyomruhusu. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Mzee, hii mtoto nimemngojea miaka tisa," Trizah akasema. "Kama si nyanya yake anampa jina, wacha akae bila."

"Mtu hakai bila jina, mama. Hata mbwa iko na jina."

"Basi mpelekee bibi yako hiyo mbwa aipe jina."

Ilibidi mtu aingilie kati, na kwa bahati mbaya mtu huyo alikuwa mimi. Nikasimama. Nikasema nina suluhisho. Kampuni ilikuwa imenipa programu ya majaribio: unaandika neno la Kiteso, nayo inalisema kwa sauti ya mtu uliyemrekodi. Nikawaeleza kwamba Mama atachovya kidole chake mwenyewe, na majina yataitwa kwa sauti yake mwenyewe, kutoka kwenye simu. Desturi itatimia, teknolojia itatimia, na hakuna atakayekosana na mtu. Ejoku alikuna ndevu kwa muda, kisha akakubali. Nadhani alitaka kuona simu ikiongea Kiteso. Mama nilimwuliza? Sikumwuliza. Niliona sina wa kumwuliza.

Ijumaa nikaiagiza programu ichomoe majina yote ya watu yaliyotajwa katika zile saa arobaini na moja na kuyapanga. Ikaniletea mia moja na kumi na mawili. Sikuyapitia. Nilitazama ule wingi nikaridhika, kama mtu aliyenunua gunia bila kufungua.

Jumamosi, saa nne asubuhi, wanawake walijaa sebuleni na wanaume wakakaa nje wakizunguka chungu cha ajon na mirija yao. Kwa kawaida mwanamume haingii. Mimi niliingia kama fundi, kitambulisho shingoni. Dada yangu Petronilla, aliyekuja kutoka Adungosi tangu alfajiri, alishika kibuyu cha ajon. Mama akachovya kidole cha mkono wa kushoto.

"Kushoto?" Ejoku akauliza kutoka dirishani. "Mtoto anapewa jina na kushoto?"

"Ile ingine imekataa kazi, mzee," Trizah akamjibu. "Kunywa pombe."

Nikabonyeza.

Sauti ya mama yangu ikatoka. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo, mimi niliyejiandaa kwa kila kitu. Ilikuwa yeye kabisa, na ule mkwaruzo mdogo wa mwisho wa neno. Petronilla alijifunika uso kwa leso akalia. Hatukuwa tumeisikia sauti hiyo kwa miezi saba. Mama mwenyewe aliitazama simu, na midomo yake ikacheza kidogo bila kutoa kitu. Nilitamani kuzima wakati ule ule. Sikuzima, kwa sababu watu walikuwa wakinitazama.

Jina la kwanza lilikuwa la ng'ombe wetu aliyeuzwa mwaka ule nilioingia seminari. Wanawake wakatazamana. La pili lilikuwa la naibu wa chifu wa zamani, aliyekuwa mwizi. La tatu lilikuwa la mtangazaji wa redio. Huko nje wanaume walikuwa wakicheka mpaka mirija ikatoka midomoni. Nikasema kwa sauti ya kitaalamu kwamba mfumo unapasha moto injini. Kweli, baada ya hapo yakaja majina ya haki, wanawake wa ukoo waliolala zamani, na kwa kila moja Mama alitia kidole, na kwa kila moja mtoto alikunja uso akaugeuza. Yalipita kumi na moja hivi.

Ndipo ikaita jina moja. Silitaji hapa, angalau hilo nimejifunza. Ni la mwanamke wa ukoo aliyejitoa uhai kabla sijazaliwa. Habari zake husimuliwa, lakini jina lake haliitwi juu ya mtoto, halijaitwa tangu siku ile wala halitaitwa. Kila mtu mle ndani alilijua hilo isipokuwa wawili: mashine, ambayo haikuwa imeambiwa, na mimi, niliyeambiwa nikitazama kimstari cha kijani.

Na hapo ndipo mtoto alipofungua mdomo anyonye.

Mama alichomoa kidole. Mwili ule uliochukua dakika tano kutoka kitandani hadi mlangoni ulifanya jambo hilo kabla wanawake hawajamaliza kuvuta pumzi. Akakipangusa kidole kwenye gauni, akakipangusa tena. Kisha akanipokonya simu. Aliigeuza huku na huku, hakuona pa kuizimia, akaiweka kwenye kiti akaikalia. Sauti ya mama yangu ikaendelea kuita majina chini ya mama yangu, taratibu, moja baada ya lingine, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka Trizah alipoanza.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na furaha na hofu kwa pamoja. Kwa miezi saba nilikuwa nikimtafuta mtu huyu, na alikuwepo muda wote, na alilijua lile jina, na alijua ni kwa nini, na alikuwa mwepesi kunishinda mimi mwenye maneno yangu yote.

Mama akachovya kidole upya. Hakumtazama yeyote. Akamtia mtoto mdomoni, akamwinamia, akakaa hivyo. Kimya. Hata simu ilikuwa imefika mwisho wa orodha yake. Mtoto alimkodolea macho nyanya yake. Akanyonya. Tuliona koo likishuka. Akanyonya tena, akameza tena.

Petronilla alipiga kigelegele, kikakatika katikati.

"Sasa ameitwa nani?"

Ejoku akaingiza kichwa chote dirishani. "Amekubali. Hiyo tumeona. Lakini amekubali nini?"

Hakuna aliyejua. Na hakuna aliyeweza kusema halijafanyika, kwa sababu kidole kilikuwa cha nyanya, ajon ilikuwa ajon, na mtoto alikuwa amemeza. Binti yangu alikuwa na jina lake tayari. Lilikuwamo ndani ya kichwa cha Mama na sasa limo ndani ya tumbo la mtoto, na sisi wengine wote, wasemaji, tulibaki nje.

Tukaanza kubahatisha. Kila mtu aliita jina alilolijua, na kila jina Mama alilipungia mkono lipite. Halafu akawa anafanya kitu: anajivuta ndewe ya sikio, kisha anajipigapiga mgongoni nyuma ya bega. Sikio, mgongo. Sikio, mgongo. Petronilla akasema anataka hereni zake, akamvisha. Mama akazivua. Trizah akadhani sikio linamuuma, akamtia mafuta ya uvuguvugu. Ejoku akaamua kwamba masikio nayo yameenda, na tangu hapo akawa anamwitia majina kwa kelele kutoka umbali wa kiganja. Mimi nilichapisha majina yote ya ukoo kwa herufi kubwa nikayabandika ukutani mbele yake, nikiwa nimesahau kwamba mama yangu hakuwahi kusoma. Kisha nikashughulikia mgongo. Nilimpaka ile dawa kali ya misuli asubuhi na jioni, hata nyumba nzima ikanuka. Siku ya tatu alinirushia kikombe. Kwa mkono wa kushoto, na hakunikosa.

"Jumatano nitaleta bibi yangu," Ejoku akasema akiondoka. "Tutauliza mtoto tena. Jina ambayo hakuna mtu anaijua si jina."

Mama alimsikia. Usiku ule hakula, na asubuhi hakumwachilia mtoto ila wakati wa kunyonya. Nilimwona Trizah akimtazama mtoto bila kujua amwite vipi, nikajua kwamba simu yangu ndiyo iliyotufikisha pale, na sikuwa na la kusema. Jambo hilo ni nadra, na hakuna aliyelitambua.

Jumanne mchana akaja Asekenye. Ni mama mzee wa rika la Mama, walicheza pamoja utotoni, na bado anaishi kule kwao, ng'ambo ya mpaka, mbele ya Tororo. Alikuwa amesikia habari za mtoto, akaja na mkungu wa matoke na kuku mmoja aliyekuwa amemkasirikia njia nzima. Hakuuliza maswali. Alivuta kigoda akaketi goti kwa goti na Mama. Mama akamwekea mtoto mapajani. Kisha akajivuta ndewe ya sikio, akajipiga mgongoni nyuma ya bega.

"Anaumwa hapo," nikaanza kueleza. "Tumemjaribu na dawa ya..."

"Banange!" Asekenye akasema. Hakuwa akinisikia. "Akwii? Huyu ni Akwii?"

Mama akafumba macho. Akatikisa kichwa kukubali, tena na tena, hata nikaogopea shingo yake, na machozi yakamfika kidevuni. Asekenye naye akaanza kulia huku akicheka, akimtikisa mtoto. "Akwii! Kale, Akwii, umerudi!"

Tukatazamana. "Akwii ni nani?" Petronilla akauliza.

Asekenye alishangaa. "Nyinyi hamjui Akwii? Dada mkubwa wa mama yenu! Mama yao alikufa huyu akiwa bado ananyonya. Akwii ndiye alimbeba. Hapa, mgongoni, kutoka asubuhi mpaka jioni. Alimlea mpaka akaolewa huku Kenya, na huo mwaka yeye akakufa."

"Na hili sikio?" Trizah akauliza.

"Akwii hakusikia. Alizaliwa hivyo. Hakuongea hata neno moja mpaka anaingia kaburini." Akajivuta ndewe. "Hii ndiyo ilikuwa jina lake. Hawa wawili walikuwa na mikono yao, walikuwa wanaongea nayo siku nzima. Mimi nilijifunza kwa nguvu, kwa sababu walikuwa wananisengenya hapa mbele ya macho yangu. Na akili ya huyo mtu! Alikuwa anajua nani anadanganya sokoni kabla afungue mdomo. Sisi wenye masikio tulikuwa tunamfuata yeye."

Mama alikuwa ameanza kusogeza mkono. Mmoja tu, na polepole, kama mtu anayetafuta njia aliyoipita zamani. Asekenye akainama kuutazama.

"Subiri, nusu ya maneno inataka ule mkono mwingine. Anasema... anasema mtoto ana macho ya Akwii. Anasema amengoja sana mtu wa kumpa hiyo jina." Akacheka. "Na anauliza nani huyo amemchoma mgongo na dawa siku tatu."

Wote wakanigeukia.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku ile ya kubeba sanduku seminari. Mama alikuwa amelelewa na mtu asiye na neno hata moja, akafundishwa naye kupika, kuhesabu ng'ombe, kumjua mwongo, kupenda. Na mwanawe msomi akarudi nyumbani akamwambia jikoni kwake kwamba mtu wa namna hiyo ni ng'ombe. Nilimtukana dada yake mbele yake, naye akaenda kuanua nguo mbichi ili asinipige. Tangu kiharusi kimpate huenda alikuwa akituambia mambo kila siku kwa mkono ule mmoja, na mimi nikiandika katika daftari la kliniki: mkono unatetemeka.

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. "Mama," nikasema, na safari hii nilikuwa nikimwuliza yeye, "miaka yote hiyo, kwa nini hukuwahi kuniambia habari za Akwii?"

Mama alinitazama. Halikuwa jicho la hasira. Akaninyooshea kidevu, akainua mkono wa kushoto, akawa anakutanisha vidole na dole gumba na kuviachanisha, upesi upesi, bila kupumzika, pa pa pa pa pa, mbele ya pua yangu.

Asekenye alitaka kutafsiri, lakini Trizah, asiyejua Kiteso wala lugha ya Akwii, alikuwa ameshamtangulia.

"Anasema ulikuwa unaongea."

Nilifungua mdomo nijitetee. Wanawake wote wanne walikuwa wananitazama, na Akwii pia, mapajani mwa Asekenye. Nikaufunga.